Nyuki wa Konani

Juzi nilipita Kisaju nikakuta mafundi wakichimba msingi karibu na kijito cha kwetu. Mchanga waliotoa ulikuwa na harufu ya unyevu, na harufu hiyo ilinirudisha kwenye mchana mmoja wa kiangazi, nikiwa bado mtoto mdogo.

Kijito kilikuwa kimekauka. Baba na ndugu zake wawili walikuwa wamechimba kivukoni kwa siku mbili wakapata mawe tu, na nyumbani ndama walishindwa kusimama. Mimi niliamini maji hayajaisha, yamelala tu chini ya mchanga, na nyuki wanajua yalipo. Kila siku niliwaona wakitua pale kijito kinapopinda, kando ya mwamba.

"Baba, maji hayako hapa," nikasema. "Yamelala kule kwa nyuki."

Ndugu zake walicheka. Baba hakucheka. Alichukua jembe akanifuata, akachimba mpaka shimo likamfika kiunoni. Kisha jembe likatoa sauti nyingine, ya matope, na maji ya rangi ya chai yakaanza kujikusanya polepole.

Siku hizi najua ni ule mwamba uliozuia maji yasipotelee ardhini. Siku ile nilidhani nimeyaamsha mimi, nikawa naongea kwa sauti ya chini nisiyashtue.

Baba alijaza kikombe cha kwanza. Ndugu zake walikuwa wamesimama ukingoni, midomo imekauka. Akaninyooshea mimi.

"Kunywa, Naserian," alisema. "Hawa watangoja."

Nao wakangoja.