Ni Salfa Tu

Msimu ule wa kupulizia mikorosho niliugua mafua makali mara tatu, na mara zote mume wangu aliapa kwamba nyumbani kwetu hakuna mgonjwa.

"Ni salfa tu, Mwalimu," alisema huku anakohoa na kuvua buti mlangoni. Alikuwa ametoka shambani Mnyambe na wadogo zake wawili, nywele zimejaa unga wa njano wa dawa. Hapa Newala, wakianza kupulizia, kila kikohozi ni salfa. Macho mekundu, salfa. Homa nayo, eti salfa imemwingia. Nilichoka kubishana na watu wanaopenga kamasi.

Mama yangu alikuwa chumba cha uani. Nimonia ilikuwa imemlaza hospitali ya Ndanda wiki nzima, na siku ya kuruhusiwa daktari aliniambia kwamba akipata mafua mengine huenda asiyamudu. Basi nikaweka sheria. Mwenye kikohozi haingii kwa mama, madirisha yawe wazi mchana kutwa, na kunawa ni kwa maji yanayotiririka. Nikatundika kibuyu chirizi kwenye nguzo ya jiko. Jioni nikawakuta shemeji zangu wamekinga beseni chini yake, wananawa humo humo kwa zamu.

"Maji ya kununua haya, shemeji," mmoja alinieleza kwa upole, kama anafundisha mtoto.

Nikalimwaga beseni lote mbele yao. Walinitazama kana kwamba nimechinja kuku anayetaga.

Mara mbili za kwanza nilijitenga, jirani akamhudumia mama hadi nikapona. Mara ya tatu jirani alikuwa amekwenda Masasi. Asubuhi hiyo koo liliniwasha, nilikuwa na vipindi vinne darasani, na uji ulikuwa unapoa. Nikabeba kikombe hadi mlangoni kwa mama. Nikakohoa.

"Umeanza tena?" aliuliza.

"Hapana, mama. Ni salfa tu."

Nilijisikia nikisema. Shambani sikuwa nimekanyaga msimu mzima, na mama alilijua hilo. Akavuta khanga, akaziba pua na mdomo.

"Weka hapo chini, mwanangu. Rudi nyuma, nitakuja kuchukua."

Nikarudi hadi uani, nina hasira na nafsi yangu kuliko niliyowahi kuwa nayo kwa mume wangu. Mama akaja akijikokota, mkono ukutani, akapumzika mara mbili kabla ya kukifikia kikombe.