Cherehani za Kuazima

Wifi yangu ni fundi bomba, na watu hawachoki kunikumbusha. Kila mgeni anayeingia kwa mama mkwe huonyeshwa kipande cha gazeti kilichobandikwa kwenye kabati la vyombo: wifi ndani ya ovaroli, spana begani, anacheka meno yote nje. Mimi nimewashonea watu wa nyumba ile miaka kumi na tisa. Hata mapazia ya sebuleni ni kazi ya mikono yangu, na hakuna gazeti lililowahi kuja kuyapiga picha.

Simsingizii, kazi anaijua. Alianza kwa kumshikia baba yake tochi chini ya masinki ya watu, kisha akajiandikisha chuo cha ufundi mwaka ambao darasa zima lilikuwa la wanaume. Walimfichia nati zake na kumwita bibi harusi. Mtihani ulipokuja aliwapita wote, na chuo kikamwajiri afundishe. Akiingia nyumba ya mtu, kwanza hukaa kimya akisikiliza ukuta, halafu anaweka kidole pale pale bomba linapovujia. Mume wangu, ambaye ni kaka yake, hulisimulia hilo kama vile kidole ni chake. Wivu ulinishika tangu nilipoolewa na sijawahi kuuficha vizuri.

Balaa ni kwamba tunafundisha chuo kimoja, cha serikali, karakana yangu ya ushonaji na yake ya bomba zikitenganishwa na ukuta mmoja tu. Mwaka mmoja mkuu wa chuo alituita ofisini. Wizara imetoa ruzuku ya vifaa, akasema, lakini ni kwa fani moja, na wakaguzi watakuja Jumanne kuichagua. Kisha akanigeukia mimi.

"Mwalimu, nikwambie ukweli. Wanafunzi ishirini na sita, cherehani nne zinazofanya kazi. Hatuwezi kuendelea hivyo. Mkikosa safari hii, mwakani sipokei tena wanafunzi wa ushonaji."

Mtu mwenye akili angesikia kwamba fani yake inakufa. Mimi nilisikia kwamba nitashindanishwa na wifi.

Basi nikamvalia njuga. Jumamosi na Jumapili nilizunguka mjini kwa wanafunzi wangu wa zamani. Hao hawaninyimi kitu. Kila mmoja aliifunga cherehani yake kwenye shuka na kuipakia kwenye mkokoteni. Nikapata tisa. Zangu mbovu nikazirundika stoo. Nikapaka kuta rangi na kutundika magauni yaliyopigwa pasi mpaka karakana ikafanana na duka. Jumatatu nilichungulia kwa jirani yangu. Wanafunzi kumi na wawili walikuwa wamezunguka koki moja, na sinki lao lina ufa.

"Wifi, hata kufagia jamani?"

"Tumefagia. Waje watuone tulivyo," akasema.

Nikamhurumia kidogo na kufurahi sana.

Jumanne wakaja wakaguzi wawili, mama mmoja mwenye faili na bwana mmoja mwenye miwani. Mkuu wa chuo alibaki ofisini akiwatafutia karatasi zao, kwa hiyo niliwapokea mwenyewe. Cherehani zote zilikuwa zinanguruma. Yule mama akageuza pindo la gauni, akalivuta, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Upungufu wenu mkubwa ni upi, mwalimu?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Nne tu, mama, hizi nyingine za watu. Lakini wakati huo huo wifi alitokea mlangoni na ovaroli lake, na yule bwana wa miwani akaniacha mimi na kumuuliza kama si yeye aliyetoka gazetini. Roho iliniuma, sitaki kudanganya. Ndani ya karakana yangu mwenyewe!

"Hatuna upungufu wowote," nikasema kwa sauti. "Sisi tunajitosheleza."

Nikamwona wifi anafumbua mdomo, kisha anaufumba. Mama wa faili akaandika mstari mmoja. Jioni ile ile wenye cherehani wakaja kuzichukua, maana wana wateja wao.

Barua ilifika baada ya wiki mbili. Ruzuku imekwenda kwa fani ya bomba. Nilimfuata karakanani kwake nimefura.

"Umefurahi sasa?"

Akaweka spana chini. "Wifi, siku ile nilikuja mlangoni kwako kuwaambia wakupe wewe. Nilishamwambia mkuu sisi tutasubiri mwakani. Wangu wanaweza kujifunzia kwenye nyumba za watu. Wako watashonea nini? Lakini ulivyosema hamna upungufu, mimi ningesemaje? Nikuite mwongo mbele ya wanafunzi wako?"

Nikarudi upande wangu wa ukuta. Wanafunzi saba walikuwa wamepanga foleni kwenye cherehani moja, kila mmoja na kitambaa chake mkononi, na ilinibidi niwaambie kwamba wao ndio wa mwisho. Ningepaswa kuwafikiria wao. Nilikuwa namfikiria wifi, kwamba hata kwa wema amenishinda, na wivu ukanipanda upya.