Sambaza Zisizoona Chumvi

Wewe unayenisikiliza, sogea nikueleze habari ya paka wangu mzee. Huenda na wa kwako ameanza kumaliza bakuli la maji kabla ya saa sita mchana.

Wangu ana miaka kumi na minne. Alikonda, akawa anakunywa kama mbuzi na kukojoa kila pembe ya nyumba. Veterineri, daktari wa mifugo niliyemwita hapa mtaani Mabanga, amezoea ng'ombe wa Masisi, lakini alimpapasa kwa upole, akapeleka damu laboratwari, akarudi na jibu: "Mama, figo zimechoka. Hazitapona. Ila akipata maji na akiacha chumvi, bado ana siku zake."

Maji yalikuwepo, hata serumu, yale maji ya dripu, veterineri aliniachia na kunionyesha jinsi ya kuitia. Chumvi ndiyo ilinishinda, maana ililetwa na rafiki. Jirani yangu anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na kila jioni alimletea paka kiganja cha zile za kukaushwa kwa chumvi. Kwetu chakula kilicholetwa mlangoni hakirudishwi. Basi nilipokea, nikashukuru, nikampa mgonjwa. Ndiyo, nikijua. Wiki haikuisha, akaacha kula, akajilaza nyuma ya mbabula, jiko letu la makaa.

Jioni hiyo nilimzuia jirani mlangoni. "Mama, leo sipokei. Chumvi inamuua."

"Unanirudishia chakula?" Akapiga makofi. "Batu banakimbia vita na magodoro ku kichwa, weye unatia paka serumu! Hata panya hakamati tena. Mutie mu mufuko, bamutupe kule mu ziwa ya Lac Vert, biishe!"

"Volkano ilipotutimua nilimbeba ndani ya kitenge," nikamwambia. "Moto haukumpata. Sambaza zako nazo hazitampata."

Akaondoka bila kwaheri. Siku tatu hakunisalimia. Siku tatu hizo nilimbana paka katikati ya magoti, nikamtia serumu chini ya ngozi ya mabega kama nilivyoonyeshwa. Aliningurumia, nami nikamngurumia. Siku ya tatu akalamba mchuzi usio na chumvi.

Siku ya nne jirani akaja na sahani iliyofunikwa. Sambaza mbichi, bado zinang'aa.

"Hizi hazijaona chumvi. Ukirudisha tena, nitakuchapa."

Nikapokea kwa mikono miwili.

Figo hazijapona, na serumu haijaisha. Paka yuko hapa, amekalia kitambaa changu cha kanisani, na hatoki.

Nawe wa kwako akikonda na kunywa sana, mwite veterineri. Ila kumwachisha chumvi usingoje: leo hii chemsha sambaza mbichi katika maji matupu, ziache zipoe, mpe pamoja na mchuzi wake.