Mtungi wa Maji ya Betri

Nyumbani kwetu Newala kulikuwa na mtungi mmoja usionywewa. Ulikaa ndani ya kibanda cha mashine ya kusaga, nyuma ya mlango, umefunikwa kwa sahani ya bati, na juu ya sahani mama aliweka jiwe. Ndani yake mlikuwa na maji ya mvua. Si mvua yoyote. Mama alisubiri mvua ya tatu au ya nne, hewa ikiwa imekwisha kuoshwa moshi wa mashamba yaliyochomwa, ndipo akatandaza mabeseni uwanjani, mbali na paa, ili maji yatoke mawinguni na kuingia humo bila kugusa kitu. Maji hayo yalikuwa ya betri.

Asiyeijua Newala ataona ni jambo dogo. Sisi tunaishi juu, maji yanaishi chini. Bomba likinyamaza, na siku zile lilinyamaza majuma kwa majuma, wanawake huteremka bondeni kabla ya jua kuchomoza na kurudi na ndoo moja moja, wakiupanda ukingo wa uwanda kwa magoti na pumzi. Kwa hiyo kwetu unaweza kumnyima mgeni chakula ukasema hakijaiva, naye akaelewa. Maji humnyimi. Ukimnyima maji, umemwambia arudi bondeni.

Mashine ilikuwa ya baba, naye alipofariki ikawa ya mama. Ilikuwa injini ya dizeli yenye gurudumu zito, na mkanda mrefu uliokwenda kwenye kinu. Mama ndiye aliyewaza kufunga mkanda wa pili, uzungushe dinamo iliyotolewa kwenye lori lililokufa. Tangu hapo, wanawake wakileta makopa ya mihogo na mahindi, injini ilisaga na kuchaji kwa pamoja. Unga ulipokuwa mwingi, betri zilijaa mapema. Watu walipokosa cha kusaga, hata redio za mji zilififia. Nilipenda kufikiri kwamba ngoma iliyosikika redioni usiku kwa jirani ilikuwa imetoka kwenye mihogo ya mtu fulani.

Halafu wakaja wanunuzi binafsi. Serikali iliruhusu watu wenye mitaji yao kununua korosho, na ushirika, uliokuwa kila kitu, ukawa jengo lenye mlango uliofungwa. Barabara ya kutoka Masasi ikaanza kupandisha malori ambayo hatukuwa tumeyaona: yamekwishatumika kwao, yana maandishi ya kigeni ubavuni ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma, na betri zilizochoka baharini. Tajiri mmoja alileta matatu. Betri zake zote zikawa zinachajiwa kwetu.

Wawili kati ya madereva wake walikuwa vijana kutoka pwani. Wa tatu alikuwa mzee wa huku huku, aliyeendesha lori la ushirika tangu mimi sijazaliwa. Ushirika ulipofunga alikaa mwaka mzima bila usukani, na mama alisema mwaka ule alizeeka kwa miaka kumi. Tajiri alimwajiri kwa shingo upande, akampa lori bovu kuliko yote. Lilipokataa kuwaka mara mbili na kusukumwa na wabeba magunia, tajiri alimwambia mbele ya watu: "Mzee, likisukumwa mara ya tatu, funguo unaniletea mkononi."

Tangu hapo mzee hakuegesha lori penye tambarare. Alitafuta mteremko popote, hata wa hatua kumi, ili betri zikigoma aachie breki na kuliwasha likitembea. Vijana wa pwani walimwita Baba Mteremko.

"Baba Mteremko, leo umelala wapi, juu au chini?"

"Nimelala juu, mwanangu. Ninyi mliolala chini mtaanza kusukumana."

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na ninasubiri matokeo. Meza ya betri ilikuwa yangu. Nilijua kufungua vifuniko sita vya kila betri, kuchungulia kama sahani za ndani zimefunikwa na maji, kujaza kidogo kidogo, kuunga nyaya, kusikiliza mchemko mwembamba kama wa uji unaoanza kuiva. Nilijiona fundi.

Ijumaa moja, kiangazi kikiwa kimekauka kabisa, mzee alileta betri zake mbili kwa baiskeli, moja baada ya nyingine. "Binti," alisema, "Jumatatu tajiri anakuja ghalani, na ghala liko tambarare. Anataka kuona lori likiwaka mbele ya macho yake. Hizi zikijaa vizuri, nimepona."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Mama alikuwa ameteremka Masasi, mtaa wa Mkomaindo, msibani kwa mdogo wake, angerudi Jumapili. Kibandani nilibaki mwenyewe na foleni ya wanawake.

Adhuhuri akaingia bibi mmoja aliyetoka mbali, kichwani ana makopa, miguu yake imepauka kwa vumbi hadi magotini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti iliyokwaruza, kisha kwa Kimakonde akaomba maji. Mtungi wa kunywa ulikuwa mtupu tangu asubuhi. Nilimwambia bomba halitoi. Akatikisa kichwa, akakaa chini pale pale mlangoni, na macho yake yakatua juu ya ule mtungi wenye jiwe. Wanawake wote kwenye foleni waliutazama. Nikaondoa jiwe.

Alikunywa vikombe viwili. Kisha aliyemfuata naye akasema koo limekauka, na mwenye mtoto mgongoni akasema mtoto. Ningemnyima nani baada ya kumpa wa kwanza? Walipokwisha, mtungini palibaki unyevu tu. Sikujuta. Nilihisi, kusema kweli, wepesi fulani, kama mtu aliyejibu swali gumu bila kufikiri.

Kosa langu lilikuja baadaye. Nilipofungua betri za mzee nilikuta sahani zimechungulia nje ya maji. Kuzichaji hivyo ni kuziunguza. Jirani alikuwa ametoka bondeni, nikamwomba kopo la maji ya chemchemi. Yalikuwa safi, yanang'aa. Nilijua mama anayaita maji yenye chumvi, sufuria zetu zilikuwa na ukoko mweupe wa maji yale, lakini mkononi mwangu yalionekana maji tu. Kwetu maji hayabaguliwi. Nikajaza vyumba vyote kumi na viwili, nikaunga nyaya, na betri zikachemka kama kawaida.

Jumapili mama aliinua jiwe, akanitazama. Nikamwambia habari ya bibi. "Umefanya vyema," alisema. "Mvua itanyesha." Hakuniuliza kuhusu betri, nami sikusema. Nilijifunza siku ile kwamba kweli ukiikata nusu haipigi kelele.

Lakini mzee alipokuja Jumatatu alfajiri sikuweza kumtazama akiziinua. Nikamweleza yote.

Alikaa juu ya betri moja, akaivua kofia.

"Maji ya bondeni?"

"Ndiyo, baba."

"Basi hizi zitavuja chaji zenyewe zikilala. Leo zitaliwasha lori. Kesho kutwa sijui." Akafikiri. "Nani aliyekunywa?"

"Bibi mmoja. Alitoka mbali."

"Ungemnyima?"

"Hapana."

"Basi." Akaivaa kofia. "Kumwaga na kujaza asidi mpya ni mpaka Mtwara, na tajiri yuko njiani. Usimwambie mama yako. Tajiri akisikia, atahamisha kazi, na kinu hiki ndicho kinachowalisha. Mimi nina ujanja wangu."

Lori liliwaka mara moja siku ile, hapo hapo tambarare. Na ujanja wa mzee ukawa huu: hakulizima tena mchana.

Wiki tatu nzima nililisikia likipita. Lilinguruma huku likipakiwa vijijini Tandahimba, likinguruma mbele ya msikiti yeye akiwa ndani anasali, likinguruma nje ya hoteli huku chai yake ikipoa. Alipokwenda hospitali ya Ndanda kumtazama dada yake aliyelazwa, lori lilimngoja barabarani likitikisika, na mtu akatoka kumwambia wagonjwa wanataka kulala. Alilizima usiku tu, juu ya mteremko, jiwe chini ya gurudumu. Watu walicheka. Mimi kila nilipousikia mngurumo ule nilisikia kopo la maji likimiminwa.

Siku moja vijana wa pwani walileta betri zao, wakakaa kwenye benchi la wanawake wakipiga soga.

"Baba Mteremko leo anakabidhi funguo," alisema mmoja.

Mama aliinua uso. "Limesukumwa?"

"Halijasukumwa hata siku moja. Dizeli, mama. Lori lake linakunywa mara mbili ya malori yetu. Tajiri anasema mzee ananyonya mafuta na kuuza."

"Yeye anasemaje?"

"Hasemi kitu. Anasema mguu wake ni mzito. Mguu gani unakunywa mapipa?"

Wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika kifuniko cha betri, nikakiweka chini. Mzee yule, aliyeendesha miaka yote bila hata kudokoa korosho moja ghalani, alikuwa anakwenda kuitwa mwizi, na aliloacha kulisema ni jina langu.

"Mama," nilisema, "hajaiba. Ni mimi."

Nilisimulia mbele ya vijana wale na foleni yote. Mama alisikiliza hadi mwisho, injini ikiendelea kusaga. Kisha akaizima. Ukimya ulioingia kibandani ulikuwa mkubwa hata unga ukasikika ukishuka hewani, au ndivyo ninavyokumbuka.

"Nenda kamwambie mwenyewe," alisema. "Mimi nakuja nyuma yako."

Ghalani tajiri alikuwa amekaa juu ya gunia, mzee amesimama mbele yake, funguo zimo mkononi lakini bado hajazitoa. Nyuma yao lori lilikuwa linanguruma. Niliwaamkia wote wawili, nikasema habari ya mtungi, ya bibi, ya kopo la chemchemi, na kwa nini lori halizimwi. Nililazimika kuipandisha sauti ili ishinde injini.

Tajiri alimgeukia mzee. "Ni kweli?"

"Ni mtoto," alisema mzee. "Alimpa mtu maji."

"Sijauliza hilo. Nauliza kama umezunguka wiki tatu hujazima lori langu."

"Usiku nilizima."

"Na hukusukumwa."

"Sikusukumwa."

Tajiri aliinuka juu ya gunia. Alikuwa mtu mwepesi wa hasira, sote tulijua, na nilimwona akiitafuta hasira yake bila kujua aiweke wapi. Mwishowe akatikisa kichwa. "Madereva waongo ninao wawili tayari," alisema. "Mwenye akili ya kuniunguzia mapipa ya dizeli ili asinipotezee safari, nitampata wapi mwingine? Weka funguo mfukoni, mzee. Betri mpya zitakuja na gari la Mtwara." Kisha akamtazama mama, aliyekuwa amefika na unga kwenye nyusi. "Lakini wewe mama, samahani. Kuanzia kesho betri zangu zinachajiwa Masasi. Kule kuna umeme, na hakuna bibi wa kunywa maji ya betri."

"Mabibi wapo kila mahali, baba," alisema mama.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye mbele. Nilisubiri anigombeze kwa sababu ya kazi iliyopotea, kwa maana ilikuwa sehemu kubwa ya kazi yetu, na msimu ulikuwa haujafika nusu. Karibu na mlango akasimama.

"Yule bibi hata mimi ningempa," alisema. "Lakini Jumapili ile nilikuwa hapa. Ungefungua mdomo, tungemwendea tajiri siku hiyo hiyo, tukamwaga maji yale, tukaanza upya. Wiki tatu umemwachia mzee wa watu abebe kopo lako."

Nimewahi kufikiri kwamba nilikaa kimya ili kumtii mzee. Si kweli. Nilikuwa nimekwisha kukaa kimya kabla yeye hajaniomba.

Kesho yake mama alinunua mtungi wa pili, akauweka mbele ya mlango, nje, bila jiwe. Ule wa betri aliuacha palepale nyuma, na sahani yake. Meza hakuninyang'anya. Tuliendelea na betri za redio na za pikipiki ya padri, na siku ambazo makopa hayakuja tulikaa tukitazama mkanda uliolala.

Mvua ya kwanza ilipokaribia, mawingu yakiwa yamesimama upande wa Masasi, nilisikia lori likija. Niliujua mngurumo wake kama mtu anavyokijua kikohozi cha babaye. Lilipunguza mwendo mbele ya kibanda, mahali palipo tambarare kabisa, tambarare kama sinia, nalo likasimama. Kisha likazimika.

Mzee alishuka. Wanawake wa foleni walisogea wampe nafasi. Niliteka kikombe kutoka mtungi wa nje, nikampa kwa mikono miwili, akanywa akiwa amesimama, taratibu, hadi tone la mwisho, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Akanirudishia kikombe.

"Njoo usikie," aliniambia.

Nilimfuata hadi mlangoni mwa lori. Akapanda, akageuza funguo, nalo likawaka.