Kura ya Delmar Kuhlmann

Delmar Kuhlmann alicheza mpira wa kikapu wa kulipwa misimu sita, siku zile timu ya mji wetu wa Sheboygan ilipokuwa ikisafiri kwa magari mawili kwenye theluji, wachezaji wakipokezana usukani. Mimi nilimjua baadaye, kiwandani, tukichonga miguu ya viti. Alikuwa mtu mwema. Ila ukimtajia Norbert Voigt, uso wake ulibadilika.

Norbert ndiye aliyekuwa mrefu wa timu, na Delmar ndiye aliyempa pasi. Magazeti yaliandika pointi, na pointi zilikuwa za Norbert.

Mwaka 1971 mji uliamua kutundika picha ya mchezaji bora wa enzi zile kwenye ukumbi wa michezo. Kamati ilikuwa ya watu watatu: mimi, mwalimu wa michezo Arlene Zastrow, na Delmar, kwa kuwa yeye aliziona mechi zile kwa macho yake. Ilikuwa lazima wote tukubaliane. Jina lililoletwa lilikuwa moja tu, la Norbert.

"Norbert alikuwa anasimama chini ya kikapu kama nguzo ya simu," Delmar akasema. "Siku hizo nani alikuwa anaruka? Vijana wa leo wangempita juu ya kichwa."

"Kwa hiyo mlikuwa mnacheza na watu dhaifu?" Arlene akauliza.

"Sijasema hivyo."

"Umesema hakuna aliyeruka, mzee. Na wewe ulikuwa humo humo. Sasa nikupime kwa vijana wa leo, au kwa wale uliokutana nao?"

Delmar akachezea kofia yake. Kisha akasema kura yake ni hapana, akaondoka bila kumaliza kahawa.

Jumamosi nilikuwa kwake, tukirekebisha mlango wa gereji, Norbert akaja na soseji alizochoma mwenyewe.

"Nasikia kuna mtu kwenye kamati amenikataa," akasema. "Nikawaambia msijali, Delmar yumo, atanitetea."

Delmar akaweka bisibisi chini. "Ni mimi niliyekukataa."

"Wewe?"

"Mechi dhidi ya timu ya Fort Wayne ulifunga pointi thelathini na moja. Nani alikuwa anakupa mpira?"

"Si ni wewe, bwana? Nani mwingine?"

"Mbona hukumwambia mwandishi hata mmoja?"

Norbert akasema, "Hawakuniuliza hilo. Waliniuliza mambo yangu. Na nilipenda kuulizwa, Delmar, sikudanganyi." Akaziacha soseji juu ya boneti ya gari, akaenda zake.

Kamati ilipokutana tena, Delmar alizungumza kama mtu anayeng'olewa jino. "Pasi zangu nyingine zilikuwa mbovu. Alizidaka. Niliocheza nao na niliocheza dhidi yao, hakuna aliyemfikia. Andikeni ndiyo."

Siku picha ilipofunuliwa, ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi. Delmar alisimama pia, mikono mfukoni. Norbert alipopewa kipaza sauti alimtaja kwa jina, na watu wakageuka kumtazama. Nikadhani sasa roho yake itatulia.

Tulipoingia kwenye gari akaniuliza, "Umesikia? Amenitaja wa tatu. Baada ya kocha, baada ya mkewe."

Miaka yote iliyofuata, tukienda kutazama mechi pale, tuliingia kwa mlango wa nyuma, kwa sababu picha ya Norbert ilikuwa penye ule wa mbele.