Nafasi ya Wa Pili

Kwetu Bwera mtoto wa kiume hupewa jina kwa mpangilio wa kuzaliwa. Wa kwanza ana lake, wa pili ana lake, na mimi nina la wa tatu. Ukiliita sokoni siku ya soko watageuka watu kumi, na pengine mimi sitakuwa mmoja wao.

Mama, mjane aliyetoka upande wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, alikuwa na utaratibu wake wa kutuita kula. Alisimama kwenye mlango wa jikoni, akamwita wa kwanza, akangoja aitike, ndipo amwite wa pili, kisha mimi. Asiyeitika hakurukwa; alingojewa kidogo kwanza. Mama alifanya hivyo hata tulipokuwa tumeketi mbele yake, hata tulipoota ndevu.

Kaka yangu wa pili aligongwa na lori pale Kinyamaseke akiwa kwenye pikipiki yake, asubuhi, barabara kavu. Tulimzika nyuma ya migomba. Sikulia. Watu walinisifu kwamba nimejikaza kiume, nami nikaona haya, kwa sababu sikuwa nimejikaza. Nilikuwa nimeingiwa na ganzi mwili mzima, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Jioni ya kwanza baada ya matanga mama alisimama mlangoni. Alimwita wa kwanza, na kaka mkubwa akaitika. Alimwita wa pili. Akangoja muda uleule wa siku zote, kisha akaniita mimi. Niliitika, nikala. Kaka mkubwa aliisukuma sahani yake.

"Mama, acha ile maneno," alisema. "Uko natuua."

Kesho yake mama akaita vilevile.

Jumatatu nilirudi chuoni Kasese. Tulikuwa tunaanza somo la mawasiliano ya mitambo, yaani jinsi mashine za kiwandani zinavyopashana habari. Mwalimu wetu alikuwa mwanajeshi mstaafu kutoka kaskazini, fundi wa redio, na sote tulimwita afande. Kwenye ubao wa mazoezi alifunga mtambo mkuu mmoja na vipima joto vinne, vyote kwenye jozi moja ya waya zilizosokotwa. Kila kipima joto kilikuwa na namba yake, ambayo unaipanga kwa bisibisi ndogo.

"Mukubwa anauliza, mudogo anajibu," alisema. "Hajaulizwa, ananyamaza. Wakiongea wote, hakuna kitu mutasikia."

Mtambo mkuu unauliza namba moja, unajibiwa, unauliza namba mbili, hivyo hadi nne, kisha unaanza upya. Asiyejibu anangojewa sekunde moja, taa nyekundu inawaka, halafu anaulizwa anayefuata. Wenzangu waliandika mpaka vidole vikawauma. Mimi sikuandika neno. Somo hilo nililipata kwenye mlango wa jikoni kabla sijaota meno.

Wiki ya tatu ukaja mtihani wa vitendo. Anayefaulu anakwenda kujifunza kazi kwenye kiwanda cha kahawa. Anayefeli anarudia muhula mzima. Niliuhitaji mtihani ule. Nilijua hivyo kichwani tu, kama unavyojua bei ya kitu ambacho hukusudii kununua.

Nilifunga waya, nikapanga namba, nikaweka vipingamizi viwili, kimoja kila mwisho wa waya, ili ujumbe usirudi kama mwangwi na kuvuruga unaofuata. Vyote vinne vikajibu. Afande alikuja, akachomoa kipima joto cha pili, akakitia mfukoni.

"Ya pili imekufa," alisema. "Funga pengo. Ya tatu ikuwe ya pili, ya ine ikuwe ya tatu. Dakika kumi."

Haikuwa kazi ngumu. Jeshini, mtu akianguka, wa nyuma husogea mbele na mstari unabaki kamili, na nadhani afande alikuwa amesogea hivyo mara nyingi kuliko alivyopenda kusimulia. Niliweka bisibisi kwenye swichi ya namba tatu. Mkono haukuzunguka. Kwetu wa pili akifa, wa tatu hapandi. Hata mama angezaa wengine kumi, hakuna ambaye angepewa jina lile. Nilikaa pale nikiitazama taa nyekundu ikiwaka sekunde moja kila mzunguko, mpaka dakika zikaisha.

"Nilisema funga pengo," alisema afande.

"Afande, kwetu wa tatu haji kuwa wa pili."

Alinitazama. Ruhusa yangu ya kwenda kuzika aliisaini yeye mwenyewe.

"Hii line inapoteza sekunde moja kila raundi," alisema taratibu.

"Ndiyo, afande."

"Amri ni amri."

"Ndiyo, afande."

Akaandika kwamba nimefeli. Kisha akakitoa kipima joto mfukoni na kukirudisha mahali pake, na ile taa nyekundu ikazimika. Ningeweza kumchukia, lakini hata hilo sikulipata moyoni.

Jumamosi nilikwenda Bwera kuwaambia kwamba nitarudia muhula. Kaka mkubwa alinipokea barabarani. Aliniambia amezungumza na mama kwa upole, mama ameelewa, na mambo ya kumwita marehemu yamekwisha. Nilisema sawa.

Jioni mama alisimama kwenye mlango wa jikoni. Alimwita wa kwanza, na kaka akaitika. Halafu, bila kungoja, akaniita mimi.

Ndipo iliponiuma. Iliniuma kifua kizima, kwa mara ya kwanza tangu Kinyamaseke, na machozi yakaniangukia kwenye sahani. Sikuitika. Mama alinitazama, wala hakurudia kuniita. Tulingoja wote, muda uleule wa siku zote, mpaka kaka yangu wa pili akapata zamu yake.

"Niko, mama," nikasema.