Mkono wa Mfalme wa Chuma

Baba hawezi kumpita mtu bila kumpa mkono. Ni mzee wa kanisa, na kwake kupunga mkono kwa mbali ni dharau. Jumapili hutuchelewesha mlangoni mwa kanisa hadi jua lituchome, akisalimia kila mtu, hata watoto wachanga.

Siku nilipompeleka kwenye bustani ya sanamu kule Loresho, nilikuwa na jambo la kumwambia. Yeye ndiye humpeleka binti yangu shuleni kila asubuhi kwa gari lake, kutoka kwetu Lavington hadi karibu na maduka ya Adams Arcade, na gari hilo lilikuwa limeanza kujaa mikwaruzo. Nikimtajia daktari wa macho, husema lango letu ni jembamba. Nilitaka aache kuendesha, lakini kumwambia baba kama huyo kwamba amezeeka si mchezo.

Bustani yenyewe imetengenezwa kufuata tamthilia ya zamani, ya ndugu wawili waliogombania ufalme. Unafuata njia kati ya miti, onyesho baada ya onyesho, na sanamu zina kimo cha watu. Katika onyesho la mwisho mfalme wa chuma ananyosha mkono kumwomba ndugu yake msamaha, ila ndugu mwenyewe hayupo. Nafasi yake imeachwa wazi makusudi. Kwa kawaida sipendi sanaa inayonipa kazi ya kufikiri, lakini hapo nilisimama.

Baba alinipita. Akavua kofia, akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili.

"Habari ya siku nyingi, mzee," akasema.

Akangoja jibu. Nilidhani anatutania, maana utani anao mwingi. Kisha nikaona uso wake ukibadilika, vidole vikipapasa kile chuma. Wageni wawili waliokuwa nyuma yetu walicheka. Nilitamani kuwatukana.

Nilimshika kiwiko, tukaketi kwenye benchi. Nikamuuliza taratibu anawezaje kuendesha gari ikiwa hawezi kutofautisha mtu na sanamu. Hakukasirika, na hilo liliniumiza zaidi.

"Kwani mimi huendesha peke yangu?" alisema. "Huyo mtoto wako ndiye huniambia taa ikiwa nyekundu."